Kilti ya mwanangu imekuja fupi na haifungi, harusi ni baada ya wiki tatu

mama_wawili (Glasgow)

Assalaam alaikum, na salamu kwa wote. Naombeni msaada, siku zinakimbia.

Jirani yangu wa chini, mama wa Kiskoti ambaye wanangu wanamwita bibi, anaozesha binti yake. Huyu mama ndiye aliyenishikia watoto miaka minne nilipokuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa nawaacha kwake saa mbili usiku, nikirudi asubuhi nawakuta wameshavaa sare za shule na uji wameshakunywa. Hakuwahi kunidai hata senti. Sasa binti amemwomba mwanangu mkubwa, ana miaka 9, abebe pete kanisani. Sisi ni Waislamu, lakini kwa mama huyu sikuweza kusema hapana, na baba watoto karidhia kwa moyo wote.

Harusi ni Callander, mji wa hukuhuku Uskoti. Wanaume wote wa upande wao watavaa kilti, lile vazi la Kiskoti la marinda linalozunguka kiuno, na wavulana nao vilevile. Nikaona nisiwatwishe gharama, nikaagiza mwenyewe mtandaoni. Nilichukua suruali yake ya shule nikasoma saizi ya kiuno, nikapima kutoka mkanda wa suruali mpaka gotini, nikatuma vipimo. Imefika jana. Nikimfunga kitovuni, bizimu hazifiki. Nikiishusha nyongani zinafika kwa shida, lakini akitembea hatua kumi inateremka. Nikaishika kwa mkono pale juu nitazame urefu: goti lote liko wazi na paja linaonekana kiasi cha vidole vinne. Mdogo wake akacheka. Mkubwa akaivua bila kusema neno, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshamtumia picha mama mkwe, yuko Tanga. Kanipigia usiku uleule: "Mjukuu wangu mnamvalisha sketi ya marinda kama mtoto wa kike wa shule?" Sikuwa na jibu, maana kwa ile picha hata mimi niliona sketi.

Nimekosea wapi? Nikodi au ninunue nyingine? Na baba wa bibi harusi anasema angependa mtoto avae tartani, yaani kile kitambaa cha miraba, ya ukoo wao, MacGregor. Je, inafaa mtoto wa Kitanga avae ukoo wa watu? Na kile kisu cha kwenye soksi, mtoto naye anawekewa?

---

baba_aberdeen

Pole sana mama. Mimi nakushauri ukodi. Kijana wangu alivaa mwaka alipomaliza shule ya msingi, huku wana sherehe ya kuaga na wavulana wengi huja na kilti. Tulienda dukani, wakampima wao wenyewe, na baada ya wiki tukapewa mfuko mmoja mrefu wenye kila kitu: kilti, koti fupi, kizibao, shati, tai ya kipepeo, soksi, viatu, mpaka pini. Jumatatu tukarudisha, hata kufua hatukufua.

Kisu kilikuwemo, lakini cha plastiki. Mpini umegandishwa kwenye ala, hautoki hata ukivuta. Usimnunulie cha kweli. Mtu mzima anayevaa vazi la taifa sheria ya hapa inamruhusu kuwa nacho, lakini mtoto wa miaka 9 wa nini.

Kuhusu ukoo wa watu, mimi kwetu ni Kikuyu, jirani na Thogoto, na hilo jina Thogoto limetokana na hao hao Waskoti wa misheni, ni neno "Scots" likisemwa kwa midomo yetu. Sisi tulilichukua jina lao tukalifanya letu na hawakulalamika. Mvalishe kijana.

---

fundi_wa_leith

Waalaikum salaam, mwanangu. Nimesoma habari ya mtoto kufunga mlango nikaona nisilale kabla sijakujibu.

Mimi ni fundi, Mombasa ya Kibokoni ndiko nilikojifunzia cherehani. Hapa Leith, Edinburgh, nina miaka 19 kwenye chumba cha nyuma cha duka linalokodisha kilti, kazi yangu ni kurekebisha. Wavulana waliopita mbele ya futi yangu siwezi kuwahesabu.

Umekosea palepale wanapokosea wazazi wengi, na Waskoti wenyewe wamo. Kiuno cha kilti si kiuno cha suruali. Suruali ya mtoto inakaa chini ya kitovu. Kilti inafungwa kitovuni, na ukingo wake wa juu unapanda zaidi, unakaribia mbavu. Mtoto wa umri huo hana nyonga ya kuishikilia nguo, na pale kitovuni mara nyingi ndipo alipo mnene kuliko penginepo. Kwa hiyo namba ya suruali ilikupa duara dogo, na urefu ulioanzia kwenye mkanda ukakunyima sentimita zote zilizoko kati ya mkanda na kitovu. Ndiyo maana ikakataa kufunga na ikawa fupi, yote mawili kwa kosa moja. Duka halina hatia hapo, limekushonea ulichoandika.

Sasa fanya hivi leo jioni. Mvue abaki na fulana na chupi. Asimame kama anayepigwa picha, asivute tumbo ndani. Zungusha futi kitovuni na upitishe vidole viwili chini yake, andika. Zungusha tena matakoni palipojaa, miguu ikiwa imebanana, andika. Halafu urefu, na hapa sikiliza vizuri: mwambie atazame picha ukutani au dirisha, kokote kule mradi si chini. Watoto wote wanataka kuangalia futi, na akiinamisha kichwa mgongo unapinda, urefu unakudanganya. Shusha futi kutoka kitovuni mpaka katikati ya pia ya goti, andika.

Kisha kuna kipimo cha magoti, cha kuhakikisha. Ukishamvalisha, apige magoti sakafuni huku mwili umesimama wima. Pindo lisiiguse sakafu, libaki juu kiasi cha vidole viwili vilivyolala. Likigusa ni ndefu, mkono mzima ukipita ni fupi. Mama aliyenifundisha kazi hii alikuwa hapimi tena baada ya hapo. Anapiga magoti na yeye, anatazama chini ya pindo usawa wa zulia, anasema ndiyo au hapana.

Kuhusu neno sketi. Mwanangu, mwambie mama mkwe aitazame nguo yenyewe. Sketi ya shule ina marinda pande zote. Kilti mbele haina rinda hata moja. Kuna vipande viwili bapa vinapandana, cha juu kinaishia upande wa kulia na ncha yake ina vishada vya nyuzi. Marinda yote yako nyuma na ubavuni. Toka kiunoni mpaka matakoni yameshonwa yakalala kabisa, chini ya hapo yameachwa huru, ndiyo maana mvulana akigeuka haraka nguo inafunguka kama feni kisha inajirudi yenyewe.

Na kuna siri ya marinda ambayo kila nikiitazama nafurahi. Fundi mzuri anapokunja anafuata miraba ya tartani. Ukisimama nyuma ya mtoto unaona mraba uleule ulio mbele, mstari kwa mstari, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Kumbe ndani ya kila rinda umefichwa mraba mzima. Kilti ya mtu mzima inameza yadi 8 kwa ajili hiyo. Ya mtoto haifiki huko, lakini kazi ya kuhesabu nyuzi ni ileile.

Na kama bado ana shaka, mwelezee sheria ya 1746. Baada ya vita ya Culloden, ambako waasi wa Kiskoti walishindwa na jeshi la serikali, Bunge la London liliwakataza Waskoti mavazi haya, na sheria ile ilitaja mwanamume na mvulana. Ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, mara ya pili akasafirishwa ng'ambo kwenye mashamba ya mfalme miaka 7. Walioruhusiwa ni askari peke yao. Haikufutwa mpaka 1782. Mvulana aliyezaliwa mwaka ile sheria ilipoanza alitimiza miaka 35 ndipo akaweza kuivaa bila kuogopa. Serikali haikujisumbua na sketi za wasichana. Ilijua hii ni nguo ya nani.

Ile uliyoagiza irudishe kama wanapokea. Bizimu ningeweza kukusogezea, kwa sababu vipande vya mbele vinapandana na kuna nafasi, lakini urefu usiokuwepo fundi hauumbi. Niambie umepata kipimo gani, tuone.

---

mama_wawili

Fundi wangu, Mungu akuzidishie. Nimempima kama ulivyosema. Alitaka kuangalia chini kweli! Kiuno kitovuni sentimita 66, matakoni 72, urefu 45. Nilikuwa nimeandika 38.

Sasa kuna jipya. Nilimwambia jirani kwamba nimeharibu, akanishika mkono tukashuka kwake. Akatoa sanduku chini ya kitanda. Ndani yake kuna kilti aliyovaa kijana wake mkubwa alipokuwa na miaka 8, sasa yule kijana ana watoto. Ni sufu, nzito, nyekundu na kijani na kimstari chembamba cheupe. Inanuka kafuri. Ndiyo MacGregor yenyewe. Akaniambia hii imekuwa ikisubiri mtoto wa kiume.

Inamfunga vizuri, tena kwenye tundu la kati la kanda. Lakini urefu ni 40. Nikaigeuza ndani nikaona pindo limekunjwa pana sana, kama sentimita 6, limeshonwa kwa mkono kwa mishono mirefu. Je, hilo ni la kufumua? Naogopa kutia mkasi kwenye nguo ya watu. Ina miaka zaidi ya thelathini.

---

fundi_wa_leith

Mwanangu, umepata mali. Hilo pindo liliwekwa makusudi kwa ajili ya siku hii. Kilti ya mtu mzima kwa kawaida haina pindo, ukingo wa kitambaa wenyewe ndio mwisho wa nguo. Ukiona pindo pana kwenye ya mtoto, jua kuna aliyefikiri miaka mingi mbele. Kilti ya sufu ni ghali, na mtoto anarefuka kila siku, kwa hiyo wanaficha kitambaa chini wanakishusha kidogo kidogo. Na vipande vya mbele wanaviacha vipandane sana ili kiuno nacho kipate pa kwenda.

Fumua, usiogope, lakini kwa utaratibu huu.

Kwanza piga bandi marinda. Chukua uzi mweupe wa pamba, ulalishe kila rinda mahali pake, upite na mishono mirefu kukata marinda yote, mstari mmoja juu kidogo ya pindo na mwingine katikati. Usipofanya hivyo, ukishafungua pindo na kuweka mvuke marinda yatasahau njia yao na hutayarudisha. Nakuomba hili usiliruke.

Halafu fumua mishono ya pindo, si kwa mkasi mkubwa, tumia ncha ya wembe wa fundi au kimkasi cha kucha, mshono mmoja mmoja. Ukifika penye vumbi lililojikusanya ndani ya mkunjo, simama upige brashi kwanza. Vumbi la miaka thelathini likipigwa pasi linageuka doa.

Shusha sentimita 5, acha 1 ibaki pindo. Mstari wa zamani wa mkunjo utaonekana, mweusi kidogo na unang'aa. Changanya maji na siki nyeupe kidogo, chovya kitambaa cha pamba, kamua, kilalishe juu ya ule mstari, weka pasi ya moto juu yake. Ibonyeze, usiisugue. Inua. Ngoja ipoe. Rudia. Mstari hautaisha wote, lakini mtu aliyesimama hatua mbili hatauona. Mwisho shona pindo upya kwa mkono, mishono isitokeze upande wa mbele.

Zile nyuzi nyeupe za bandi zitoe usiku wa kuamkia harusi, si kabla. Na zitoe zote! Kila mwaka naona mtoto kanisani na nyuzi nyeupe zimepita matakoni, mzazi kadhani ni sehemu ya nguo.

Ya ukoo. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa tartani ya ukoo usio wake. Kuna orodha rasmi ya tartani, inatunzwa Edinburgh tangu 2009, lakini ni ya kuandikisha michoro, si ya kumkamata mtu. Walio na haya yao huchagua Black Watch, tartani ya kikosi cha jeshi, hiyo inavaliwa na kila mtu. Lakini wewe huna haja ya kutafuta ruhusa, umeombwa na baba mwenye nyumba. Na MacGregor ndio hasa wanaojua thamani ya jina. Mwaka 1603 mfalme James wa Sita alipiga marufuku hata kulitaja. Mtu akiitwa MacGregor anabadilisha au anauawa. Hawakurudishiwa jina kabisa mpaka 1774. Callander unakokwenda ni mlangoni mwa nchi yao, na kaburi la Rob Roy MacGregor liko Balquhidder, mbele kidogo. Watu wa ukoo uliowahi kufutwa wakikupa nguo yao umvalishe mwanao, pokea kwa mikono miwili.

Mengine haraka haraka. Sporani, kile kimfuko cha mbele, kikae chini ya mkanda kiasi cha kiganja. Mnyororo wake kwa mtoto huwa mrefu, punguza tundu, upitishe kwenye vile vitanzi vya nyuma ya kilti usimwangukie. Kama ngozi au manyoya yanakutia wasiwasi, uliza ni ya mnyama gani, mara nyingi ni ng'ombe na sungura. Soksi zikunjwe juu, zikomee vidole vitatu chini ya goti. Vile vitambaa vyekundu vya soksi vitokeze upande wa nje wa mguu. Pini inachomwa kipande cha juu peke yake. Ukizichoma pande mbili pamoja nguo haitaning'inia sawa, na mtoto akikaa kwa nguvu inachanika. Viatu vile visivyo na ulimi vina kamba ndefu, zizungushe juu ya kifundo umfungie mbele, zisimbane, amevaa soksi nene. Ndani avae kaptula nyeusi ya kubana.

Kama inazidi kuteremka, mshonee kanda mbili za kupita mabegani, zifiche chini ya kizibao. Zamani za watoto wadogo zilishonwa moja kwa moja kwenye fulana bila mikono kwa sababu hiyohiyo.

Kwa swala, mtilie kanzu kwenye mfuko, pale goti likiwa nje atajisikia vizuri zaidi ingawa hajafika umri wa kulazimika.

Na msiwe na hofu kama akichoka kanisani. Mwaka 1863, Windsor, kwenye harusi ya mtoto mkubwa wa kiume wa Malkia Victoria, mjukuu wa malkia, Wilhelm, ana miaka 4, alivalishwa mavazi haya haya. Ikasimuliwa kwamba aliwauma wajomba zake miguu iliyokuwa wazi chini ya kilti. Baadaye ndiye aliyekuwa mfalme wa Ujerumani. Wako ana miaka 9 na ana adabu.

---

mskiti_wa_muscat

Mimi niko Maskati, sijui lolote la Uskoti, lakini nimesoma mpaka mwisho. Kwa upande wa bibi wa Tanga: muulize babu yake mtoto alivaa nini nyumbani jioni. Msuli. Huku kwetu wanaume tunavaa wizari ndani ya kanzu, na tukiwa nyumbani tunabaki nayo. Kitambaa kinachozunguka kiuno cha mwanamume si kigeni kwetu hata kidogo. Tofauti ni kwamba wao wamekikunja marinda na wamekiwekea bizimu.

Tuletee habari ya harusi, dada.

---

mama_wawili

Jamani, nimerudi. Ilikuwa Jumamosi, leo Jumanne ndiyo nimepata nafasi.

Nilipiga bandi kama alivyosema fundi. Jioni mbili nzima. Jirani alikuja kukaa na mimi, tukashona toka ncha mbili tukakutana katikati. Ndani ya pindo tulipofumua tukakuta vumbi na sindano moja ya kichwa, imeota kutu. Akaishika muda mrefu. Akasema ni ya mama yake, yeye ndiye aliyelikunja pindo lile, na hayuko tena. Akaichukua akaichoma kwenye mto wake wa sindano.

Mstari wa zamani ulibaki kidogo. Siki ilisaidia sana, mara nne nilirudia.

Asubuhi ya harusi mwanangu alivaa mwenyewe mpaka soksi. Baba wa bibi harusi akamwita, mzee mrefu, yeye mwenyewe kavaa vilevile, nyekundu na kijani. Akapiga goti moja mbele yake kwenye ukumbi wa hoteli. Akavizungusha vile vitambaa vya soksi vikae nje, maana mtoto aliviweka mbele. Akaisogeza sporani katikati. Kisha akatoa vidole vyake akapima chini ya goti la mtoto, vidole vitatu, kama ulivyoandika fundi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi nikashindwa kupiga picha.

Kanisani alitembea taratibu, macho mbele, hakutazama kitu kingine. Alipogeuka kurudi kwenye kiti, marinda yakafunguka yakarudi. Niliyaona kwa nyuma: miraba imeungana yote, hakuna hata mmoja uliokatika.

Jioni wakacheza zile ngoma zao za mistari miwili, ile ya kushikana mikono na kuzunguka mpaka mwisho wa safu. Kumbe shuleni wanafundishwa, mwanangu anaijua yote. Wanaume walikuwa wanasukuma sporani ubavuni kabla ya kuanza, naye akasukuma ya kwake. Sikumfundisha mimi.

Usiku nikamtumia mama mkwe video. Alikaa kimya kidogo kwenye simu. Halafu akauliza: "Hiyo ni sufu?" Nikasema ndiyo. "Na marinda hayo kapiga nani pasi?" Nikasema mimi. Akasema yamenyooka. Yeye kashona sare za shule miaka mingi, neno hilo kwake si dogo. Kaniomba nimtumie picha ya mgongoni, ameiweka kwenye simu yake.

Sasa jirani anasema kilti ibaki kwangu kwa ajili ya huyu mdogo, ana miaka 6. Fundi, niihifadhi vipi? Na kuna tone la sharubati kipande cha mbele.

---

fundi_wa_leith

Alhamdulillahi. Nimesoma habari ya sindano mara mbili.

Sharubati: kitambaa safi, maji ya baridi, gonga gonga toka nje ya doa kwenda katikati, usisugue. Ikibaki alama, peleka kwa dobi anayesafisha sufu bila maji, na umwambie asiyapige pasi marinda, utapiga mwenyewe. Usiiloweke kamwe.

Kabla ya kuiweka, rudisha pindo la sentimita 6, maana mdogo atahitaji fupi kwanza. Lishone kwa mishono mirefu ya mkono kama ulivyolikuta. Piga bandi marinda tena, uzi mweupe. Ianike kivulini siku nzima jasho likauke, sufu yenye jasho ndiyo nondo wanayoipenda.

Kisha usiikunje. Ilalishe kitandani, marinda yamelala, uiviringe toka upande mmoja kama mkeka. Chukua soksi ndefu za kike za nailoni, zile za kuvaa mpaka pajani, kata mguu mmoja, uingize ile kilti iliyoviringwa ndani yake. Itabaki imebanwa hivyo, haitajikunja hata sandukuni au safarini. Tia kafuri pembeni, isiguse kitambaa.

Na andika kwenye kikaratasi vipimo vya huyu mkubwa, tarehe na umri wake, ukitie humo ndani pamoja na nguo.